Rachel Carson: Aliyefichwa ukweli wa saratani yake, akaufichulia ulimwengu ukweli wa sumu

MAJI yanapokupwa wakati wa bamvua, mwamba wa Tiwi hujianika juani. Kina mama huteremka ufuoni na vikapu vyao, wakapita baina ya vidimbwi wakitafuta pweza na makombe. Humo vidimbwini mna kaa, majongoo bahari na viti vya pweza, viumbe wanaongoja maji yajae ili maisha yao yaendelee.

Ulimwengu huo mdogo, ambao kwa mkazi wa Kwale ni jambo la kila siku, ulipata mmoja wa waandishi wake mashuhuri kabisa katika mwanamke aliyezaliwa mbali na bahari yoyote. Jina lake ni Rachel Carson, mwanabiolojia wa Marekani aliyefariki mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 56.

Wengi humkumbuka kwa kitabu chake kuhusu sumu za kuulia wadudu, kitabu kilichozigeuza sheria za mazingira za nchi nyingi. Wachache ndio wanaojua kwamba sehemu kubwa ya kitabu hicho aliiandika nyumbani, mara nyingi akiwa kitandani, baada ya kuondolewa titi. Wachache zaidi wanajua kwamba daktari aliyempasua hakumweleza ukweli wa maradhi yake, na kwamba ilimbidi autafute ukweli huo mwenyewe.

Carson alizaliwa tarehe 27 Mei 1907 katika mji mdogo wa Springdale, jimbo la Pennsylvania, akiwa kitinda mimba wa watoto watatu. Mama yake, Maria, aliyekuwa mwalimu kabla ya kuolewa, alimzoesha tangu utotoni kutembea msituni na kuwatazama ndege na wadudu bila ya kuwadhuru. Alipofika umri wa miaka 11, hadithi yake ya kwanza ilichapishwa katika jarida la watoto.

Alijiunga na chuo cha wanawake mjini Pittsburgh akinuia kuwa mwandishi, lakini akiwa masomoni aligeukia biolojia. Mwaka 1929, baada ya kuhitimu, alikwenda Woods Hole, kituo cha utafiti wa viumbe wa baharini katika jimbo la Massachusetts. Hapo ndipo alipoiona bahari kwa mara ya kwanza. Mwaka 1932 alipata shahada ya uzamili ya zoolojia katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore.

Alitamani kuendelea na masomo, lakini hali ya nyumbani haikumruhusu. Baba yake alifariki mwaka 1935. Miaka miwili baadaye dada yake naye akafariki, akiacha mabinti wawili. Malezi yao yakawa juu ya Carson na mama yake. Carson, ambaye hakuolewa maishani mwake, alikuwa amekwisha kuajiriwa mwaka 1936 katika idara ya serikali iliyosimamia uvuvi. Mchana aliandika ripoti za samaki, usiku akaandika vitabu.

Kitabu chake cha kwanza kilitoka Novemba 1941. Kilisimulia maisha ya baharini kupitia viumbe kadhaa, wakiwamo samaki, mkunga na aina ya ndege mdogo akimbiaye mbele ya wimbi, ambaye hadi leo huonekana pia katika fuo za Kenya anapohama baridi ya kaskazini. Mwezi mmoja baadaye Marekani iliingia vitani, na kitabu hicho hakikupata wasomaji wengi. Mambo yalibadilika mwaka 1951 alipochapisha kitabu cha pili, kilichoeleza asili ya bahari, mikondo yake na kupwa na kujaa kwa maji. Kilidumu kwa wiki 86 katika orodha ya vitabu vilivyonunuliwa zaidi nchini humo, na mwaka 1952 kikatunukiwa tuzo ya kitaifa.

Mapato yake yalimwezesha kuacha kazi ya serikali mwaka huo. Alijenga nyumba ndogo ya mapumziko katika kisiwa cha Southport, jimbo la Maine, mahali ambapo mwamba hufunuka maji yanapokupwa kama ufunukavyo ule wa Tiwi. Huko alijifunza maisha ya vidimbwini kwa ajili ya kitabu chake cha tatu, kilichotoka mwaka 1955, ambacho kiligusia pia pwani za matumbawe.

Hata hivyo, nyuma ya ufanisi huo palikuwa na kivuli. Mwaka 1950 Carson aliondolewa uvimbe katika titi, akaambiwa hauna madhara. Akaendelea na shughuli zake.

Majukumu ya familia nayo yaliongezeka. Mwaka 1957 mmoja wa wale mabinti aliokuwa amewalea alifariki, akiacha mtoto wa kiume wa takriban miaka mitano aitwaye Roger. Carson, akikaribia umri wa miaka 50, alimchukua mtoto huyo na kumlea kama wake. Desemba 1958 akafiwa na mama yake, aliyekuwa ameishi naye takriban maisha yake yote. Nyumba yake ya Silver Spring, pembezoni mwa jiji la Washington, ikabaki na mwanamke mmoja na mtoto mmoja.

Katika kipindi hicho ndipo alipoianza kazi iliyompatia jina duniani. Mapema mwaka 1958 rafiki yake mmoja wa Massachusetts alimwarifu kwamba ndege walikuwa wakifa baada ya eneo lao kunyunyiziwa dawa ya DDT kutoka angani ili kuua mbu. Dawa hiyo ilisifiwa sana wakati huo. Ilikuwa imewakinga wanajeshi na homa zinazoenezwa na chawa na mbu wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na baadaye ikaenea mashambani na majumbani.

Afrika Mashariki haikuwa mbali na mambo hayo. Katika miaka hiyo hiyo ya 1950, nyumba za Taveta na za upande wa pili wa mpaka, kule Pare, zilikuwa zikipuliziwa dieldrin, dawa ya jamii inayokaribiana na DDT, katika mpango mkubwa wa majaribio wa kupambana na malaria. Kwa wakazi wa pwani ya Kenya, ambako malaria imeua watoto wengi tangu enzi za mababu, habari ya kumwangamiza mbu ilikuwa habari njema.

Carson hakuyapuuza manufaa hayo. Alichotaka kujua ni mahali sumu hiyo inapokwenda baada ya kumwua mbu. Alikusanya tafiti, akaandikiana barua na wanasayansi wengi, akagundua kwamba sumu hubaki ardhini na majini, huingia katika mnyoo, kutoka kwa mnyoo ikaingia kwa ndege, na hatimaye hujikusanya katika mafuta ya mwili wa binadamu. Aligundua pia kwamba wadudu wanaponyunyiziwa ovyo na mara kwa mara, wale wenye ukinzani husalia na kuzaana, mpaka dawa ikakosa nguvu siku inapohitajika hasa.

Kazi hiyo ilipokuwa katikati, aliona tena uvimbe titini. Mapema Aprili 1960 alilazwa hospitalini mjini Washington. Daktari alimfanyia upasuaji mkubwa uliokuwa wa kawaida zama hizo, ambao ulianzishwa na William Halsted mwishoni mwa karne ya 19 katika hospitali ya Johns Hopkins, taasisi dada ya chuo alichosoma Carson. Katika upasuaji huo, titi lote huondolewa pamoja na misuli ya kifua iliyo chini yake na tezi za kwapani. Mgonjwa hubaki na mbavu na ngozi. Mkono wa upande huo hukosa nguvu, na mara nyingi huvimba kwa kuwa majimaji ya mwili yamekosa njia ya kupitia.

Alipopata fahamu, Carson alimwuliza daktari wake waziwazi iwapo uvimbe ule ulikuwa saratani. Jibu alilopewa lilimfanya aamini kwamba hali yake ilikuwa imekaribia tu kuwa saratani. Hakupangiwa tiba nyingine yoyote. Aliruhusiwa kwenda nyumbani, apumzike, jeraha lipone.

Hayakuwa mambo ya ajabu siku hizo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1961 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani ulionyesha kwamba takriban madaktari 9 kwa kila 10 walioulizwa walipendelea kutomwambia mgonjwa kuwa ana saratani. Waliamini kwamba neno lenyewe lingemvunja moyo. Mwanamke aliyeolewa huenda mumewe angenong'onezwa habari hiyo pembeni. Carson hakuwa na mume. Ukweli ukabaki katika jalada la hospitali.

Alirudi Silver Spring kuuguza jeraha lake. Mgonjwa wa aina hiyo huhitaji mtu wa kumwinulia vitu, wa kumvalisha na wa kumpikia. Carson alikuwa na wasaidizi wachache, lakini hakuwa na mama, dada wala shangazi wa kumkalia kitako. Alikuwa na mtoto wa miaka minane aliyehitaji kuangaliwa. Mgonjwa na mwuguzi walikuwa mtu yule yule. Pamoja na hayo, kadiri maumivu yalivyopungua, alirejea kwenye karatasi zake, akiamini kwamba adha imekwisha.

Novemba mwaka huo alihisi kitu kigumu kimejitokeza kwenye ubavu, upande ule ule uliopasuliwa. Safari hii hakuridhika na majibu ya kumtuliza. Alimwandikia George Crile, daktari mpasuaji wa Cleveland, jimbo la Ohio, ambaye alikuwa akijulikana kwa kupinga upasuaji mkubwa kupita kiasi na kwa kuwaeleza wagonjwa wake hali halisi. Desemba 1960 alisafiri kwenda kumwona.

Crile aliyapitia majibu ya maabara ya upasuaji wa Aprili na kumweleza pasipo kuficha. Uvimbe ule ulikuwa saratani tangu mwanzo, na sasa ilikuwa imeenea. Miezi minane ilikuwa imepotea bila tiba. Habari hiyo ilikuwa nzito, lakini Carson alimshukuru daktari huyo kwa kumheshimu kiasi cha kumwambia. Kuanzia siku hiyo alijua kiasi cha muda aliokuwa nao hakikuwa kikubwa, akapanga kazi yake kulingana na hilo.

Mwaka 1961 ulikuwa wa mateso mfululizo. Alianza tiba ya mionzi, iliyomchosha na kumtia kichefuchefu. Januari alishikwa na maambukizi yaliyoingia katika viungo vya miguu, magoti yakavimba, kwa wiki nyingi asiweze kutembea. Kitanda kikawa ndiyo meza yake. Kuelekea mwisho wa mwaka macho nayo yaliwaka kwa uvimbe, hata akakaribia kutoona. Msaidizi wake akawa anamsomea sura zilizokwisha kuandikwa, naye akisikiliza na kusahihisha kwa masikio.

Miongoni mwa sura hizo ilikuwamo ile inayozungumzia uhusiano wa kemikali na saratani. Mwandishi wake aliyabeba mwilini maradhi aliyokuwa akiyaeleza, lakini hakujitaja hata kwa neno moja, wala hakudai kwamba sumu ndizo zilizomwuguza yeye. Aliuacha ushahidi wa wanasayansi useme.

Mapema mwaka 1962 kazi ilikamilika. Tarehe 16 Juni jarida la The New Yorker lilianza kuichapisha kwa sehemu, na tarehe 27 Septemba kitabu kamili kilitoka kwa jina la Silent Spring, jina linaloashiria majira ya machipuko yasiyosikika sauti ya ndege.

Dhoruba ilivuma kabla hata kitabu hakijafika madukani. Kampuni moja ya kemikali ilimtishia mchapishaji kwa mashtaka. Wapinzani walimwita mwanamke mwenye jazba, asiye na shahada ya uzamivu, mpenda ndege na paka anayetaka dunia irudi kwenye njaa na malaria. Ilhali hakuwa amedai kwamba dawa zote zipigwe marufuku. Alichodai ni zitumike kwa uangalifu, na wananchi waambiwe kinachonyunyizwa juu ya mashamba, mito na watoto wao.

Katikati ya mashambulizi hayo aliificha saratani yake. Marafiki wachache tu, akiwamo jirani yake wa Southport, Dorothy Freeman, ndio waliojua. Alihofia kwamba wapinzani wangesema ameandika kwa uchungu wa maradhi, na kwamba hoja zake zingetupwa bila kusomwa. Alipoonekana akichechemea, watu waliambiwa ni baridi yabisi.

Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo huwaonya wanaojinyima tiba kwa kuogopa macho ya watu. Carson hakujinyima tiba. Alipokuwa na haki ya kujua, aliudai ukweli wote kutoka kwa daktari, na alipoona dunia haina haja ya kujua, alikaa na siri yake. Mwenye kufanyiwa hila ni yule anayefichwa habari za mwili wake mwenyewe, na hilo ndilo alilolipinga hospitalini na katika kitabu chake pia.

Rais John F. Kennedy aliagiza jopo lake la wanasayansi kulichunguza suala la sumu hizo. Mwishoni mwa mwaka 1962 wanahabari wa televisheni ya CBS walimhoji Carson nyumbani kwake, naye akiwa mnyonge kiasi cha kumtia wasiwasi aliyemhoji. Kipindi hicho kilirushwa tarehe 3 Aprili 1963. Watazamaji walimwona mwanamke mtulivu aliyepima kila neno. Tarehe 15 Mei ripoti ya jopo la Rais ilitolewa, na kwa sehemu kubwa ikaziunga mkono hoja zake. Tarehe 4 Juni alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti. Oktoba alihutubia San Francisco akiwa ameketi, kisha akautembelea msitu wa miti mirefu wa Muir Woods kwa kiti cha magurudumu.

Alifariki nyumbani kwake Silver Spring tarehe 14 Aprili 1964 kwa mshtuko wa moyo, saratani ikiwa imekwisha kuudhoofisha mwili wote. Sehemu ya majivu yake ilizikwa karibu na kaburi la mama yake. Sehemu nyingine ilitawanywa na Dorothy Freeman kando ya bahari, pale Southport.

Matunda ya kazi yake yalionekana akiwa kaburini. Mwaka 1970 Marekani iliunda taasisi ya kulinda mazingira, na mwaka 1972 ikapiga marufuku matumizi ya DDT mashambani. Mwaka 1980 alitunukiwa, baada ya kufa, nishani ya juu kabisa ya raia wa nchi hiyo. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliizuia DDT duniani kote, lakini ukaacha mlango kwa nchi zinazoihitaji kupambana na mbu wa malaria, jambo lisilopingana na aliyoyaandika. Nyumba za Kwale nazo hulindwa sasa kwa vyandarua vilivyotiwa dawa, na suala la mbu wanaokinzana na dawa, alilolionya Carson, lingali linawashughulisha watafiti.

Tiba ya saratani ya matiti nayo imebadilika. Majaribio yaliyoanza katika miaka ya 1970 yalithibitisha kwamba upasuaji mdogo zaidi, ukifuatana na tiba nyingine inapohitajika, hauwapunguzii wagonjwa wengi nafasi ya kuishi. Misuli ya kifua sasa huachwa isipokuwa pana sababu maalumu, na uvimbe ukigunduliwa mapema, mara nyingi titi lenyewe huokolewa.

Lililo zito zaidi kwa msomaji wa Kwale ni lile la ukweli. Mwanamke wa Tiwi anayevuka kivuko cha Likoni kwenda kupasuliwa Mombasa hurudi nyumbani kwenye baraka ambayo Carson aliikosa. Dada humtekea maji, shangazi humpikia uji, majirani humjia na pole zao. Msaada huo ni sehemu ya dawa, kwa maana mkono uliopasuliwa haufai kubebeshwa ndoo, bali hunyooshwa taratibu kwa mazoezi aliyoelekeza mhudumu wa afya.

Lakini mapenzi ya jamaa huweza pia kumzunguka mgonjwa kwa kimya. Majibu ya maabara hupokewa na mwana au mume, na jina la saratani likaepukwa ili mama asihuzunike. Hivyo ndivyo alivyodhani daktari wa mwaka 1960, na gharama yake ilikuwa miezi minane.

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 imemtaka mhudumu wa afya amweleze mgonjwa hali yake, tiba zilizopo, faida na hatari zake, tena kwa lugha anayoielewa. Mgonjwa ana haki ya kuuliza uvimbe ulikuwa nini, umefika wapi na hatua inayofuata ni ipi, na ya kuuliza kwingine asiporidhika.

Carson aliuliza mara mbili. Jibu la pili lilimwumiza kuliko lile la kwanza, lakini ndilo lililompa muda wa kupanga siku zake, kumwandalia mtoto wake mustakabali na kukimaliza kitabu. Kina mama wa Tiwi hujua kwamba bamvua halimngoji mtu. Anayejua saa ya maji kujaa hupanga kazi yake mwambani, akarudi ufuoni na kikapu chake kimejaa.